UZI: Fundi wa sampuli, njoo tujifunze kusoma droingi za kukereza (Mombasa)

FundiShafti

Salaam aleikum wajameni, habari zenu wote. Huu uzi nimeufungua kwa ajili ya vijana wa mashine na wazee pia, wa Shimanzi, Changamwe, Mbaraki, Likoni na wale wa vibanda vya ndani ndani kule Mikindani. Mafundi wa Mombasa wana mikono, hilo halina ubishi, mtu yuko na lethi (mashine ya kukereza) kongwe slaidi zimelegea na bado anakutolea bushi inaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, lakini huyo huyo ukimuekea droingi mezani anaikunja anakuuliza "sampuli iko wapi?" Na hapo ndo kazi nzuri nzuri zinatupita, zinapelekwa Nairobi ama kitu kinaagizwa ng'ambo, na sisi tuko hapa bandari iko mlangoni.

Sampuli ina shida moja kubwa, karibu kila mara imeharibika, na ndo sababu imeletwa kwako. Chukua shafti ya pampu ya maji ya chumvi. Pale inapokaa beringi imelika, unapima na maikromita unasoma milimita 39.94, unakereza 39.94, unalipwa. Umenakili shafti pamoja na kulika kwake. Beringi itazunguka juu ya shafti badala ya kuibana, ipate moto, na mwenye pampu atarudi na kelele. Sasa droingi ya hio shafti inasema Ø40 k6 (ile Ø ni kipenyo), na k6 kwa kipenyo hicho manake chochote kuanzia 40.002 mpaka 40.018. Hakuna sampuli iliyolika itakayokuambia hivo hata uipime kutwa.

Kwa hivo msimamo wangu ni huu: droingi haikuonyeshi umbo tu, inakuambia kila sehemu ya kile kitu inafanya kazi gani na wapi ufanye ugumu wapi ulegeze. Ukiisoma kwa macho hayo inafunguka haraka. Ukiisoma kama orodha ya namba za kukata utapotea.

Pa kuanzia macho ni kona ya chini kulia, kile kiboksi cha maelezo. Vijana wengi wanaruka wanakimbilia namba kubwa kubwa za katikati. Usiruke. Pale utakuta materiali, kama ni EN8 au EN24 au stenlesi 316, na hio peke yake inaamua spidi, tuli (kisu cha kukatia) na bei utakayomwambia mteja. Utakuta vipimo ni milimita au inchi. Utakuta toleransi ya jumla, yani ruhusa ya kipimo kuzidi ama kupungua. Utakuta rivisheni, yani toleo la droingi, A, B, C, na hii watu wanaidharau sana, lakini ukikereza kwa rivisheni A na mteja ashahamia C chuma chako kimeenda bure. Utakuta skeli, na hapa sikiza vizuri: usichukue rula ukapima karatasi. Karatasi ikipigwa kopi inavutika, ikipigwa picha na simu inapinda, na mchoraji mwenyewe pengine alibadilisha namba bila kuuchora mstari upya. Namba iliyoandikwa ndo sheria.

Maswali leteni, nitaendelea kidogo kidogo.

Yakhe_Shimanzi

Yakhe ahsante sana, huu uzi ulikuwa unahitajika. Mimi kinachonimaliza ni ile mitazamo, naona michoro mitatu ya kitu kimoja kwa karatasi na sijui upi ni wa juu upi ni wa ubavuni, mara nyingine mtazamo wa juu uko chini mara uko juu, nakereza flanji matundu yanakuja upande si wake

FundiShafti

Yakhe hapo umegusa penyewe. Kuna mifumo miwili, fasti engo na thadi engo. Kwenye fasti engo, ukikitazama kitu kutoka juu mchoro wake unawekwa chini ya mtazamo wa mbele, na ukikitazama kutoka kushoto mchoro unawekwa kulia. Namna ya kushika ni kufikiria umekiweka kile kitu juu ya karatasi halafu unakibiringisha. Kibiringishe kuelekea kulia, ubavu wake wa kushoto ndo unakuja juu usoni kwako, basi unachorwa pale pale kilipofika, yani kulia. Thadi engo ni kinyume, unachokiona kutoka juu kinachorwa juu, unachokiona kutoka kushoto kinachorwa kushoto.

Ulaya kwa sehemu kubwa wanachora fasti engo. Marekani na Japani wanachora thadi engo. Sasa fikiria sisi hapa, injini za Kijapani zimejaa, meli zinatoka kila upande wa dunia, kwa hivo benchi lako litapitiwa na mifumo yote miwili, pengine siku hio hio moja. Usikisie.

Karibu na kile kiboksi kuna alama ndogo, koni iliyokatwa kichwa na pembeni yake duara mbili moja ndani ya nyingine. Zile duara ni ile koni ikitazamwa kutoka upande wake mwembamba, ndo manake unaziona zote mbili. Basi angalia zimewekwa wapi. Zikiwa upande wa kichwa chembamba cha koni ni thadi engo, zikiwa upande wa kichwa kinene ni fasti engo. Hio alama ukiielewa hivo, kwa sababu yake, huwezi kuisahau, lakini ukiikariri kama picha utaichanganya kila siku.

Kwa shafti ya kawaida iliyo duara mzunguko mzima ukikosea mfumo pengine hautaumia. Kwa flanji yenye matundu yasiyo katikati, au braketi yenye sikio upande mmoja, ukikosea unatoa kitu cha kioo, kulia kimekuwa kushoto, na hakuna mashine itakayokirudisha.

Na mistari nayo ina lugha yake. Mstari mzito uliokamilika ni ukingo unaouona kwa macho. Mstari wa vikato vikato ni ukingo uliojificha ndani, kama tundu usiloliona kutoka pale uliposimama. Mstari mwembamba wa kipande kirefu, kifupi, kirefu, ni senta. Ukiona senta laini inapita mahali pasipo na kitu usidhani ni makosa, inakuambia kuna kitu kinazunguka hapo ama matundu yamepangwa kwa duara hilo. Na ile mistari ya kuchanja iliyolala mshazari ndani ya umbo manake pamekatwa kwa msumeno wa kufikiria ili uone ndani, tafuta herufi A na A kwenye mtazamo mwingine utaona mkato umepita wapi na mishale inakuambia utazame upande gani.

binti_milingi

Shikamoo mwalimu, mimi ni msichana nasomea ufundi wa mashine, niko atachimenti kwa karakana moja hapa kisiwani. Nina maswali mawili. La kwanza hizo H7, k6, g6, darasani tulipewa jedwali tukaambiwa mtakuta huko mbele, na huku karakana hakuna mtu anazitaja. La pili nilipewa kukata kiwei (mfereji wa kukalia ki) kwa shafti ya 40, droingi inaandika 35, nikauliza kina ni ngapi naambiwa kata 5. Sasa mbona hawakuandika 5?

FundiShafti

Marahaba binti yangu, na maswali yako ni ya mtu atakayefika mbali.

Nianze na la pili manake ni tamu. Kwa shafti ya kati ya 38 na 44 ki yake, kile kipande cha chuma kinachokaa ndani ya kiwei, ni upana 12 kimo 8, na ndani ya shafti inazama 5, kwa hivo 40 toa 5 unabaki na 35. Sasa ukishakata kiwei, pale juu ulipoanzia kupima kina hapapo tena, umepakata. Utaweka vania (kipimio cha taya) wapi? Lakini kutoka sakafu ya kiwei mpaka mgongo wa shafti upande wa pili kuna chuma pande zote mbili, vania inakaa imara na unasoma 35 wazi wazi. Mchoraji amekupa namba unayoweza kuipima. Droingi nzuri ndo hivo, kila kipimo kimewekwa kutoka mahali kinapokaguliwa. Ukiona kipimo kinakushangaza jiulize kwanza "hiki kitapimwaje", mara nyingi jibu linakuja hapo hapo.

Sasa herufi. Herufi kubwa ni tundu, herufi ndogo ni shafti. Herufi inakuambia ukanda wa toleransi umekaa wapi ukilinganisha na kipimo chenyewe, namba inakuambia ukanda una upana gani, na namba ikiwa ndogo kazi ni ngumu zaidi. Kwa kipenyo cha 40 nakupa mfano kamili. H7 ya tundu ni kutoka 40.000 mpaka 40.025. Shafti ya g6 ni kutoka 39.975 mpaka 39.991, yani hata tundu likitoka dogo kabisa na shafti nene kabisa bado kuna nafasi ya mikroni 9 (milimita 0.009), basi hio inateleza, inafaa kuzunguka ndani ya bushi. Shafti ya h6 ni kutoka 39.984 mpaka 40.000, inaingia kwa mkono bila kucheza sana. Shafti ya p6 ni kutoka 40.026 mpaka 40.042, hio ni nene kuliko tundu lolote la H7, haiingii ila kwa presi ama kupasha moto lile la nje.

Unaona sasa? Hujaambiwa na mtu kwamba hiki kinazunguka na kile kimebanwa, herufi zimekuambia. Ukisoma H7/p6 ushajua mbunifu hataki kitoke. Ukisoma H7/g6 ushajua lazima kizunguke na mafuta yapite. Ndo nilisema mwanzoni droingi inataja kazi ya kitu.

Zingatia kwamba hizo namba zinabadilika na kipenyo. Nilizokupa ni za juu ya 30 mpaka 50. Usizibebe ukazitia kwa shafti ya 80. Jedwali libandike ukutani karibu na mashine, walai litakulipa.

Na pasipo na herufi wala toleransi yoyote usidhani uko huru. Rudi kwa kile kiboksi, ukiona ISO 2768 na herufi m, basi urefu wa juu ya 30 mpaka 120 una ruhusa ya 0.3 kila upande, juu ya 120 mpaka 400 una 0.5. Hapo kata haraka, usipoteze asubuhi nzima unang'arisha urefu ambao hakuna anayeujali, muda huo uhamishie pale palipoandikwa k6.

Mzee_Karakana

FundiShafti nakusalimu, na naheshimu maneno yako. Lakini tusidanganyane. Wateja wetu hapa ni mtu wa matatu, mtu wa boti, mtu wa posho mili, mwenye kisima. Hakuna hata mmoja anayekuja na droingi, anakuja na chuma kimevunjika kwenye gunia na anakitaka leo jioni. Sampuli ndo imetulisha na kusomesha watoto. Hizi habari za k6 ni za kampuni kubwa.

FundiShafti

Mzee wangu nimekusikia na sipingi, sampuli haitaisha leo wala kesho. Ninachosema ni kwamba anayejua kusoma droingi anaisoma hata sampuli tofauti. Huyo mtu wa kisima akikuletea shafti kwenye gunia, kabla hujawasha mashine chukua penseli umchoree droingi yake. Hapo ndo ujuzi wote unaonekana.

Mfano hai. Shafti imekatika, sehemu ya beringi imelika inasoma 39.94, lakini beringi kuukuu iko kwenye gunia na imeandikwa 6208. Zile namba mbili za mwisho zidishe mara tano, 08 mara 5 ni 40. Tayari umepata kipimo cha asili bila kukisia, na beringi hio nje yake ni 80 upana 18. Ki imebaki, ipime, upana wake ni 12, basi hilo pia linaashiria shafti ya karibu 40. Pale pasipogusana na kitu, kati ya beringi na impela, hapajalika, pima hapo uone fundi wa kwanza alifuata nini. Halafu tazama ilipokatikia. Kama imekatikia kwenye bega, pale kipenyo kinapopanda, angalia kona, utakuta mara nyingi kona ilikuwa kali kama ya sanduku. Droingi ya maana ingeonyesha R pale, yani kona iliyoviringwa. Kwa 6208 ile R ya shafti isizidi 1, manake ukiifanya kubwa beringi haitakaa bega, itakalia kona. Ukiifanya kali kabisa nguvu zote zinakusanyika pale na shafti inakatika tena pale pale.

Sasa mzee, mteja wa gunia akiondoka na shafti iliyopimwa hivo harudi baada ya mwezi. Na wewe umebaki na karatasi kwenye faili, akija mwenzake mwenye pampu kama ile huna haja ya sampuli.

Mzee_Karakana

Hapo kwa kona umenena. Shafti za kukatikia begani nimeziona nyingi mno na wengi tunalaumu chuma. Endelea, nafuatilia.

Mwana_Likoni

Mimi niko upande wa boti. Shafti ya propela mwisho wake ni tepa, yani unapungua unene taratibu, nimeletewa droingi imeandikwa 1:10 na kuna kialama kama koni kamelala, hakuna digrii mahali popote. Kampaundi slaidi, ile ya juu inayobeba tuli, naiweka wapi?

FundiShafti

1:10 manake kila ukitembea milimita 10 kwa urefu kipenyo kinapungua 1. Hio ni tepa ya kawaida ya boti ndogo zenye injini ya ndani. Kama tepa yako ina urefu wa 90 na upande mnene ni 40 basi upande mwembamba lazima uwe 31. Tumia hesabu hio kuikagua droingi yenyewe kabla ya kukata.

Kuhusu digrii, kuwa makini, kipenyo kinapungua pande mbili lakini tuli yako inakata upande mmoja, kwa hivo kampaundi inageuzwa nusu ya pembe, ambayo kwa 1:10 ni digrii 2 na dakika 52. Ukiweka pembe nzima umeharibu. Na ile skeli iliyochongwa kwa kampaundi haitoshi kwa tepa ya propela, weka dayali geji (saa ya kupimia yenye sindano) iguse kipande kilichonyooka, tembeza kampaundi urekebishe mpaka isome sawa na hesabu ya tepa. Ukimaliza paka bluu nyembamba kwa shafti, ingiza propela, geuza kidogo utoe. Bluu ikihamia kote uko salama, ikihamia mdomoni pekee pembe imekataa.

Yakhe_Shimanzi

Na hizi alama kama tiki zenye 3.2 na 0.8? Na boksi zenye mshale na A-B?

FundiShafti

Tiki ni ulaini wa uso, namba inaitwa Ra na inahesabiwa kwa mikroni. 3.2 ni kukereza kwa kawaida kwa uangalifu, 1.6 ni kukereza vizuri na tuli kali na fidi ndogo, 0.8 mara nyingi unatafuta grainda. Tiki iliyofungwa juu kwa kamstari manake lazima pakatwe, tiki yenye kaduara manake usipaguse, paache palivyotoka kiwandani. Droingi za zamani utakuta pembetatu, moja, mbili, tatu, zikiongezeka ulaini unaongezeka.

Mahali pa kukazia ni pale inapokaa oili sili, ule mpira unaozuia oili kuvuja. Huko ulaini unatakiwa kati ya 0.2 na 0.8, na hata ukiupata bado kuna mtego. Ukikereza, tuli inaacha mchirizi mwembamba wa kuzunguka kama thredi, na shafti ikizunguka ule mchirizi unasukuma oili nje taratibu. Mtu anabadilisha sili mara ya tatu analaumu sili ni feki, kumbe ni uso wa shafti. Hata ukisugua na msasa huku unautembeza kando kando unautengeneza ule ule mchirizi. Hapo peleka grainda, jiwe liingie moja kwa moja bila kutembea kando.

Zile boksi zenye vyumba ni habari za umbo na mahali. Chumba cha kwanza alama, cha pili namba, cha tatu herufi ya pa kurejelea. Mshale mmoja wa mshazari, 0.02, A-B, manake shika shafti kwa zile sehemu mbili zilizoitwa A na B, kwa kawaida ndo sehemu za beringi, zungusha mzunguko mmoja, na sindano ya dayali geji isitembee zaidi ya 0.02 kwa jumla. Sio 0.02 kila upande, ni jumla. Na hapo tena mbunifu anakufundisha namna ya kushika kazi, anakuambia A na B zikerezwe zote kati ya senta mbili bila kuifungua shafti katikati, manake ukiigeuza kwenye chaki ya taya tatu hio 0.02 utaisikia kwa wengine tu.

binti_milingi

Shukran mwalimu. Na thredi? Nilimuona mtu anabishana na fundi kwamba nusu inchi sio nusu inchi.

FundiShafti

Alikuwa na haki. Thredi ya bomba ya nusu inchi, ile droingi inaandika G 1/2, nje yake ni 20.955 na ina meno 14 kwa inchi. Ile nusu inchi ni jina la bomba la asili, usiitafute kwa vania. Na pembe ya meno yake ni digrii 55, ile ya Whitworth tangu 1841, wakati M ni digrii 60. Kwa macho G 1/2 na M20x1.5 zinafanana sana, nati inashika mizunguko miwili inakwama, mtu anaongeza bomba kwa spana na kuharibu vyote viwili. Droingi ikisema M20 bila kitu kingine manake ni ya meno makubwa, piti (umbali wa jino mpaka jino) 2.5, drili yake 17.5. Ikisema M20x1.5 drili ni 18.5. Ikisema R badala ya G ni ya tepa, 1:16. Herufi moja, kazi tofauti kabisa, isome mpaka mwisho wake.

Na kwa wote mnaouliza kwa inboksi mtajifunzaje bila kurudi darasani: nunua sabuni ya mche. Chukua droingi ndogo yoyote, ya braketi au bloku yenye mfereji, uichonge kwa kisu mpaka itoke ile ile. Kesho yake fanya kinyume, shika kipande cha chuma chochote pale karakana uchore mitazamo mitatu kwa mkono, halafu mpe mwenzako achonge bila kukiona kile chuma. Akitoa tofauti, kaeni mtafute ni mstari gani ulikosekana. Hakuna zoezi lililofundisha vijana wangu haraka kuliko hilo. Mwenye kutaka cheti kuna trade test (mtihani wa ufundi) ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, unaanza gredi ya tatu unapanda mpaka ya kwanza, na kwenye ufundi wa mashine droingi huikwepi, kwa hivo zoezi la sabuni linakusaidia na huko pia.

Yakhe_Shimanzi

Samahani nakusumbua tena, nina jobu ya leo. Mteja amenitumia droingi kwa WhatsApp, picha ya karatasi iliyokunjwa. Mkunjo umepita katikati ya shafti, kuna urefu mmoja haujulikani ni 98, 93 au 88, na kipenyo kimoja naona 3 na kitu. Urefu wote ni 312. Vingine vinasoma 22, 85, halafu hicho, halafu 85, 22.

FundiShafti

Jumlisha. 22 na 85 na 85 na 22 ni 214. 312 toa 214 ni 98. Lakini angalia kama hicho kipimo kiko ndani ya mabano. Kikiwa ndani ya mabano manake ni cha kukujulisha tu, hakikaguliwi, kosa lote la vipande vingine linaangukia hapo na ni sawa. Kisipokuwa na mabano, na vyote vitano vina toleransi yake pamoja na ile 312, basi muulize mteja kipi ni muhimu manake vinaweza kugongana visitimie vyote pamoja.

Kipenyo hakijumlishwi. Tazama kama kuna orodha ya vipuri kwenye karatasi, kama pale inakaa beringi na imeandikwa 6206 ni 30, kama 6207 ni 35. Kama hakuna, usikate chuma. Mwambie atume PDF yenyewe au apige picha upya karatasi ikiwa imelazwa sakafuni, simu iwe juu sawasawa.

Yakhe_Shimanzi

Iko kwenye mabano kweli, sikuwa nimeona. Na orodha ipo chini, beringi mbili 6207, kwa hivo ni 35, na pembeni naona k6 imefifia. Jedwali linanipa 35.002 mpaka 35.018. Nampigia anitumie PDF nihakikishe rivisheni ndo nikate.

FundiShafti

Sawasawa. Na muulize materiali, hilo hukulitaja.

Yakhe_Shimanzi

EN8. Nishamuuliza.